Alama za mtoto huanzia moyoni

Wazazi wengi wanaovuka mpaka wa Kobero au Mugina kutafuta riziki, jambo la kwanza wanalouliza warudipo nyumbani ni alama alizopata mtoto. Swali hilo si baya. Lakini mtoto wa miaka 9 hadi 12 huingia darasani na daftari pamoja na moyo wake, na moyo ukijaa hofu, daftari hubaki tupu.

Mwaka 1990 wanasaikolojia wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, walieleza kile walichokiita akili ya hisia, yaani uwezo wa mtu kuzitambua hisia zake na za wenzake, na kuzitawala ili zimsaidie kufikiri. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Joseph Durlak walikusanya matokeo ya mipango 213 ya kuwafundisha wanafunzi stadi za namna hiyo. Pale masomo yalipopimwa, mwanafunzi wa kawaida, aliye wa 50 kati ya 100, alionekana kupanda kwa nafasi 11 hivi. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa uwezo wa akili na bidii bado hutangulia, na akili ya hisia hufuata.

Kwetu Burundi jambo hili lina uzito wake. Sisi tuliosomea uhamishoni Tanzania, katika makazi kama Mishamo na Katumba, tulifundishwa kwa Kiswahili. Mtoto aliyezoea lugha hiyo akirudi hukutana na Kirundi, kisha Kifaransa. Akiulizwa hukaa kimya, wenzake wakamcheka. Mwalimu hudhani ni mzito wa akili, na mwishowe mtoto hukariri darasa. Kumbe jibu analo, ila aibu imemfunga ulimi.

Dawa yake haihitaji fedha. Mwalimu amruhusu ajibu kwanza kwa lugha anayoiweza, kisha amsaidie kulitafsiri, wala asimkaripie mbele ya wenzake. Nyumbani, mama akishatua mzigo, aulize pia: "Leo nini kimekuudhi? Nini kimekufurahisha?" Mtoto anayeweza kuitaja hofu yake, aiite woga au *ubwoba*, ameanza kuitawala. Mwenye hasira afundishwe kuvuta pumzi kwanza, ndipo aseme.

Wazazi wanapoitwa shuleni, mazungumzo yasiishie kwenye alama na michango. Mwalimu aulizwe pia mtoto anacheza na nani, na hunyamaza wakati gani. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.