Kabla Hawajaitwa Wataalamu

Anayeshuka basi la mkoani Mbezi Luis hupokewa na wapiga debe, bodaboda na harufu ya chipsi, huku juu ya lango pana likisomeka jina moja kubwa: Magufuli. Stendi hiyo ilifunguliwa Februari 2021 kuchukua nafasi ya ile ya Ubungo, na ikapewa jina la rais aliyeifungua. Wasafiri wengi wanamkumbuka kama waziri wa ujenzi aliyetaja urefu wa barabara kwa kichwa, kilomita kwa kilomita. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya kuingia bungeni mwaka 1995, John Magufuli alifundisha kemia na hisabati Sekondari ya Sengerema, kisha akawa mkemia wa Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza. Shahada yake ya uzamivu, aliyoipata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009, ilihusu mafuta ya maganda ya korosho na namna yanavyoweza kukinga chuma kisiliwe na kutu.

Sehemu hiyo ya maisha husahaulika upesi, na si kwake peke yake. Hudhuria mahafali yoyote ya shule, kuanzia Kibamba hadi Mbagala, usikilize mshereheshaji akisoma wasifu wa mgeni rasmi. Utasikia shahada ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha vyeo, kisha makofi. Kazi ya kwanza ya mtu huyo haitajwi, wala miaka aliyoshinda dukani, shambani, wodini au karakanani kabla jina lake halijaanza na herufi mbili za mbele. Watoto waliokaa kwenye viti vya plastiki wanarudi nyumbani wakiamini kwamba utaalamu hupatikana kwa kufaulu mitihani mfululizo bila kupinda popote. Historia ya wataalamu wa nchi hii inasema vingine kabisa, na inafaa isimuliwe kwa majina.

Mfano unaovutia kuliko yote ni wa Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu Magamba, milimani Lushoto. Wanafunzi walikuwa na mchezo wa kutengeneza aiskrimu: maziwa yanachemshwa, yanachanganywa na sukari, yanaachwa yapoe, ndipo yanaingizwa kwenye friji ya shule. Nafasi ndani ya friji ilikuwa ndogo na wagombea wengi. Siku moja Mpemba aliona mwenzake anaingiza maziwa ambayo hata hayakuchemshwa, akajua akisubiri ya kwake yapoe atakosa nafasi. Akayaingiza yakiwa bado ya moto, akijua fika kwamba anaweza kuiharibu friji. Baada ya kama saa moja na nusu alirudi kuangalia. Maziwa yake yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wa fizikia sababu. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Angeweza kuishia hapo, ila baadaye alipata habari kutoka kwa watu ambao hakuna kitabu kilichowataja: watengenezaji wa aiskrimu wa mjini Tanga. Wao waliingiza mchanganyiko ukiwa wa moto kwa makusudi, kwa sababu uliganda haraka zaidi na biashara ikaenda mbio. Walichokuwa nacho ni uzoefu wa kila siku na mteja anayesubiri. Mpemba akabaki na swali lake.

Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, alifika mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mhadhiri wa fizikia Denis Osborne. Mpemba akasimama akauliza: ukichukua vyombo viwili vyenye maji sawa, kimoja cha nyuzi 35 na kingine cha nyuzi 100, ukaviweka kwenye friji, cha nyuzi 100 kinaganda kwanza, kwa nini? Darasa likacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akaagiza jaribio lifanywe maabara, na matokeo yakaja kama kijana alivyosema. Mwaka 1969 majina yao mawili yakatokea pamoja katika jarida la ualimu wa fizikia la Uingereza.

Wengi husimulia kisa hiki na kukikata hapo. Wakati makala ile inachapishwa, Mpemba alikuwa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, chini ya Mlima Kilimanjaro, na wanyamapori ndio waliokuwa kazi yake ya maisha. Alipanda hadi cheo cha juu cha ofisa wanyamapori serikalini. Jina lake liko katika fizikia, mshahara wake ulitoka kwa tembo na nyati. Mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza ilitangaza zawadi kwa atakayetoa maelezo bora ya jambo hilo, na majibu yapatayo 22,000 yakamiminika kutoka duniani kote. Hadi leo wanasayansi hawajakubaliana. Wapo hata wanaosema vipimo vya uangalifu havilioni kabisa. Swali la mwanafunzi wa Lushoto bado linafanyiwa kazi.

Jambo hilo hilo, la ujuzi kuzaliwa mahali pa kazi, linaonekana kwa uzito zaidi katika tiba, kwa sababu huko hesabu yake ni ya uhai wa watu. Kutoka Mbezi Luis, daladala zinapandisha wagonjwa na ndugu zao kwenda Mloganzila, hospitali iliyozinduliwa mwaka 2017 na baadaye kuwekwa chini ya Hospitali ya Taifa Muhimbili. Anayekwenda huko huwa anatafuta daktari bingwa. Ubingwa huo una hesabu yake: udaktari wa kwanza miaka mitano, mafunzo kwa vitendo mwaka mmoja, kisha shahada ya uzamili miaka isiyopungua mitatu. Jumla ni miaka tisa kwa uchache, bila kuhesabu miaka ambayo wengi hutumia kama madaktari wa kawaida wilayani wakisubiri nafasi au ufadhili. Miaka hiyo ya kusubiri huonekana kama hasara. Kigoma inaonyesha ilivyo na faida.

Mwaka 1984, katika hospitali ya mkoa wa Kigoma, vifo vya kinamama kwa sababu ya uzazi vilikuwa 933 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Dk. Godfrey Mbaruku, daktari wa uzazi aliyekuwa akifanya kazi huko mbali na kila kitu, hakusubiri mradi mkubwa wa wafadhili. Yeye na wenzake walipanga hatua 22, nyingi zikitegemea vilivyokuwapo: vifaa vilivyolala vikatengenezwa vifanye kazi, benki ya damu ikaimarishwa, wauguzi wakafundishwa wakiwa kazini, taratibu za kumhudumia mama zikawekwa wazi, na kazi ya kila mmoja ikakaguliwa kwa ratiba. Kufikia mwaka 1991 takwimu ile ilishuka kutoka 933 hadi 186. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 na yakasomwa na wataalamu wa afya ya uzazi nchi nyingi. Baadaye Mbaruku alikuwa miongoni mwa viongozi wa Taasisi ya Afya Ifakara, na alialikwa kwenye mikutano mikubwa. Alichokuwa anakifundisha huko alikipata katika wodi ya Kigoma, kwenye usiku ambao damu hakuna na gari halina mafuta.

Mbaruku alifanya jambo lingine ambalo nchi inapaswa kulishukuru. Alitetea wadogo zake wa kazi kwa ushahidi. Mwaka 1963 nchi ilianza kuwapandisha matabibu wenye uzoefu kuwa madaktari wasaidizi, watu ambao hawakupita chuo kikuu lakini walifundishwa kupasua. Wapo waliowadharau, wakisema kisu ni cha mwenye shahada. Mwaka 2009 Mbaruku na watafiti wenzake walichapisha uchunguzi wa upasuaji wa dharura wa uzazi katika hospitali za Mwanza na Kigoma. Sehemu kubwa ya upasuaji huo ilikuwa inafanywa na madaktari wasaidizi, na matokeo ya wagonjwa wao hayakuwa na tofauti ya maana na yale ya madaktari wenye shahada. Maelfu ya watu wanaotembea leo mikoani walitolewa tumboni mwa mama zao na mtu aliyeanza kazi kama tabibu wa zahanati.

Hii haina maana kwamba chuo hakina kazi. Profesa Julie Makani alihitimu udaktari Muhimbili mwaka 1994, akaenda London na baadaye Oxford, na elimu hiyo ilimpa zana ambazo asingezipata kwingine. Ila ugonjwa alioamua kuushughulikia, selimundu, ambao mitaani unaitwa sikoseli, ni ugonjwa wa nyumbani. Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nao. Alirudi Muhimbili, na pamoja na wenzake wakaanza kuwaandikisha na kuwafuatilia wagonjwa kwa maelfu, mwaka hadi mwaka, kliniki kwa kliniki. Mwaka 2011 Jumuiya ya Kifalme ya Uingereza ilimtunuku tuzo ya sayansi kwa kazi hiyo. Askwar Hilonga, mtoto wa kijiji cha Gongali, Karatu, alisoma hadi Korea Kusini mambo ya chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, kisha akazichanganya na kichujio cha mchanga ili kusafisha maji ya kunywa kulingana na uchafu wa kila eneo. Mwaka 2015 alishinda tuzo ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi, akapata pauni 25,000. Kabla ya kuwa mhandisi alikuwa mtoto aliyekunywa maji machafu, na yeye mwenyewe amelieleza hilo hadharani mara nyingi.

Karatu hiyo hiyo ilimtoa Filbert Bayi. Februari 2, 1974, huko Christchurch, New Zealand, askari huyu wa Jeshi la Wananchi alitoka mbele tangu mlio wa bastola, akaongoza mita zote 1,500, na akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Wakazi wa Mbezi na Kimara wanalijua jina lake kwa njia nyingine: limo kwenye mabango ya shule. Bayi na mkewe walijenga shule Kimara na baadaye Kibaha, pande zote mbili za Mbezi Luis kwenye Barabara ya Morogoro. Mzazi anayempeleka mwanawe huko anapeleka ada kwa mwalimu mkuu wa nidhamu ya mbio, awe anajua au hajui.

Katika sanaa hali ni hiyo hiyo. Shaaban Robert, ambaye kila mwanafunzi wa Kiswahili amekutana naye, aliajiriwa mwaka 1926 kuwa karani wa forodha, na ukarani katika idara mbalimbali za serikali ndio uliomlisha karibu maisha yake yote ya uandishi. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akafanya kazi mashamba ya mkonge ya Tanga, akaja Dar es Salaam akawa mtumishi wa nyumbani. Mwaka 1968 hivi alianza kuchora kwenye vipande vya mbao za kugandamizwa kwa rangi ya baiskeli, ile inayong'aa na kukauka ngumu, kwa sababu ndiyo iliyopatikana dukani kwa bei anayoimudu. Picha zilipangwa chini, Oyster Bay, wazungu wakanunua. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine, akiwa amechora miaka minne tu. Vijana aliowafundisha, wengi wao ndugu, waliendelea, na leo jina la mtumishi yule wa nyumbani ni jina la mtindo mzima wa sanaa.

Kinachowaunganisha watu hawa ni kwamba kazi ya kwanza iliwaachia kitu ambacho cheti pekee kisingewapa: swali, au mkono uliozoea, au hasira ya kuona jambo linaharibika kila siku. Mtu anayemtafuta mtaalamu, awe wakili, mhandisi wa nyumba au daktari, ana haki ya kuuliza alikosomea, na ana haki zaidi ya kuuliza alikofanyia kazi, na nani, kwa miaka mingapi. Mafundi wa Mbezi hulijua hilo bila kufundishwa. Gari likilala njiani hawaulizi nani ana stashahada. Wanaulizana nani aliyekaa na injini ya aina hiyo.

Kasoro ni kwamba fundi huyo huyo, aliyeaminiwa na mtaa mzima, hunyimwa zabuni na mkopo kwa kukosa karatasi. Njia ya kulitatua ipo. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, ambayo kwa Dar es Salaam ina chuo kikubwa Chang'ombe, Temeke, hurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: fundi anatathminiwa kwa kazi anayoifanya, mapungufu yanabainishwa, anapewa mafunzo mafupi ya kuyaziba, kisha anapimwa na kupewa cheti. Kwa anayetaka kwenda mbali zaidi akiwa bado kazini, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na chenye makao yake Kinondoni, kilianzishwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo hasa. Kama umeshika spana, sindano ya cherehani au mwiko wa saruji kwa miaka mingi, na hujawahi kufika ofisi zao, nenda wiki hii ukaulize masharti, na uandike kwenye barua yako ya maombi kila kazi uliyowahi kufanya, hata ile unayoiona ndogo.