Kemikali Chache Zinazokula Fedha za Utafiti wa Dawa

Kampuni inayosaka dawa mpya huanza kwa mchujo. Roboti hudondosha kemikali kwenye sahani zenye visima 384, kila kisima kikiwa na kimeng'enya kinachohusika na ugonjwa, kisha mashine husoma ni kemikali ipi imekizima. Zinazofaulu ndizo hutengewa bajeti na miezi ya kazi ya wanakemia. Hapo ndipo hasara huingia bila hodi.

Chanzo chake kimo ndani ya kisima. PTP1B, kimeng'enya ambacho watafiti wa kisukari wamekiandama kwa miaka mingi, hutegemea asidi amino iitwayo sisteini, na sisteini huharibiwa upesi na oksijeni. Ili kuilinda, maabara huongeza kemikali kinga iitwayo DTT. Lakini kuna kemikali, zikiwemo baadhi ya kwinoni, zinazochukua elektroni kwenye DTT na kuipa oksijeni, tena na tena, hadi kisima kikajaa haidrojeni peroksaidi, ileile inayouzwa madukani kwa kusafishia vidonda. Peroksaidi ndiyo hukizima kimeng'enya. Kemikali inayopewa sifa haijakigusa.

Mwaka 2010 watafiti wa Pittsburgh, Marekani, walichapisha matokeo ya kupima kemikali 195,826 kutoka hazina ya NIH, taasisi za afya za serikali ya nchi hiyo. Zilizothibitika kuzalisha peroksaidi zilikuwa 37, yaani asilimia 0.02. Mhasibu asidharau idadi hiyo. Mchujo huchagua kinachozima bila kuuliza kimezimaje, hivyo kemikali hizo chache hupanda hadi juu ya orodha. Moja ikipita, kemikali za jamii yake hununuliwa, hutengenezwa na kupimwa, hataza huombwa, na maabara nyingine huanzisha mradi juu ya msingi uleule mbovu.

Kinga ipo, na ni rahisi. Jaribio lirudiwe likiwa na katalesi, kimeng'enya kinachovunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Makali ya kemikali yakitoweka, kilichokuwa kikifanya kazi ni peroksaidi. Au DTT ibadilishwe kwa glutathaioni, kinga iliyo dhaifu zaidi, kisha matokeo yalinganishwe.

Kwa hiyo wafadhili na wawekezaji waweke sharti: majibu ya katalesi yawe mezani kabla ya fedha za hatua ya pili kutoka. Fedha za kutafuta dawa za malaria na kifua kikuu ni haba; kila shilingi inayofuata peroksaidi imemkosa mgonjwa.