Mtoto Amenyamaza Darasani: Skinner, Piaget, Vygotsky na Rogers Wangesemaje?

UE ikikaribia, ukipita kwenye vimbweta utawasikia wenzetu wa elimu wakikariri: Pavlov mbwa, Skinner panya, Piaget hatua nne, Maslow piramidi. Mtihani ukiisha, majina yanabaki kwenye desa. Lakini muda si mrefu tunapangiwa shule za mazoezi ya kufundisha, na kule hakuna atakayekuuliza Piaget alizaliwa lini. Kule kuna watoto. Kwa hiyo tuzilinganishe nadharia hizi kwa njia moja rahisi: tuziweke zote mbele ya mtoto mmoja, tusikie kila moja inasema nini.

Mtoto huyo unamjua. Yuko kidato cha pili katika shule ya kata, tuseme Bahi au Chamwino. Nyumbani wanaongea Kigogo, shule ya msingi kasoma kwa Kiswahili, na tangu aingie sekondari karibu masomo yote ni Kiingereza. Mwaka huu ana upimaji wa kitaifa. Mwalimu wa Baiolojia anauliza swali kuhusu osmosisi. Mtoto anasimama, anaangalia chini, kimya.

Wanatabia wanaanza. Tangu John Watson aandike mwaka 1913, wao wanataka tuangalie kinachoonekana: tabia na mazingira yake. Kwa mtazamo wa Pavlov, kama kila jibu lisilo sahihi lilifuatwa na fimbo, baadaye swali lenyewe tu linatosha kuleta hofu. Skinner anauliza: kunyamaza kunamlipa nini? Kunamlipa sana. Akikaa kimya vya kutosha, mwalimu anamruka na kwenda kwa mwingine. Huo ndio uimarishaji hasi, na ndipo wengi tunapoanguka kwenye mtihani. Uimarishaji hasi si adhabu. Ni pale tabia inapoongezeka kwa sababu imeondoa jambo baya. Adhabu inakusudia kupunguza tabia. Na wale wanaodhani Skinner ni mtetezi wa viboko hawajamsoma. Yeye alisema adhabu huizima tabia kwa muda tu, wala haimfundishi mtu afanye nini badala yake. Dawa yake ni kugawa somo katika hatua ndogo na kulipongeza kila jibu sahihi papo hapo.

Piaget, yule Mswisi, haridhiki. Anasema mtoto si debe la kujazwa; anajenga maarifa mwenyewe kwa kugusa na kujaribu. Fikra za kidhahania huanza kujengeka kwenye miaka 11 au 12, lakini si kwa wote siku moja. Pengine osmosisi imeletwa kama maneno ya kukariri ubaoni. Hapa Dodoma hatuna haja ya maabara kubwa: chukua zabibu kavu, ziloweke kwenye maji, waambie wanafunzi waziangalie zikivimba. Halafu ndiyo ulete jina.

Vygotsky alizaliwa mwaka 1896, mwaka mmoja na Piaget, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1934 akiwa na miaka 37. Yeye anauliza swali ambalo kwetu ni zito kuliko yote: mtoto huyu anafikiri kwa lugha gani? Kwake lugha ni chombo cha kufikiria. Inawezekana kabisa mtoto anajua kwa nini zabibu imevimba, ila hana Kiingereza cha kulibeba jibu. Piaget alielekea kuona kwamba ukuaji hutangulia, kujifunza hufuata. Vygotsky aliona kujifunza pamoja na anayejua zaidi ndiko kunakovuta ukuaji. Msaada huo Bruner na wenzake mwaka 1976 waliufananisha na jukwaa la fundi: unalijenga, jengo likisimama unaliondoa. Waache wajadili wawili wawili kwa Kiswahili, kisha wasaidie kulijenga jibu kwa Kiingereza sentensi moja moja, kwa sababu upimaji utakuja kwa Kiingereza.

Bandura yuko katikati. Majaribio yake ya mwanasesere mwaka 1961 yalionyesha kwamba watoto hujifunza kwa kutazama tu. Mtoto wetu hajawahi hata kuchekwa. Inatosha kwamba jana alimwona jirani yake akichekwa darasa zima kwa kukosea tamka. Imani yake ya kujiweza ikashuka. Dawa: aone mwenzake wa kawaida, si yule kipanga wa darasa, akijaribu, akikosea, na asipatwe na lolote.

Wa mwisho ni wanaoangalia nafsi. Maslow, mwaka 1943, angeuliza kwanza kama mtoto amekula. Mkoa wetu ni mkame, mvua ikikata swali hilo si la vitabuni. Rogers angeuliza mtoto anajionaje. Aliyeitwa kilaza kila wiki hatimaye anajiona kilaza, na kimya kinakuwa ngao yake. Rogers alitaka mwanafunzi akubalike bila masharti ndipo athubutu.

Hapa ndipo ugomvi mkubwa ulipo. Mwaka 1956 Skinner na Rogers walitoa hoja zao zinazopingana kwenye jarida la Science. Kwa Skinner, "nafsi" haielezi kitu. Badilisha mazingira, tabia itabadilika. Kwa Rogers, mtu ana uwezo wa kuchagua, na ukimwendesha kwa zawadi tu unamnyima uwezo huo. Mwalimu hawezi kuwa na msimamo wa wote wawili kwa wakati mmoja, japo darasani mbinu zao zinaweza kukaa pamoja.

Maoni yangu: kwa madarasa yetu, anza na Vygotsky. Rudia swali kwa Kiswahili. Mtoto akijibu, umejua tatizo ni lugha. Akinyamaza bado, chunguza njaa, hofu, jina la kilaza, na mwisho dhana yenyewe. Ukianza kwa kudhani hajui, hutapima chochote kingine, kwa sababu lugha imefunga mlango.

Na kuhusu fimbo, tusijidanganye kwamba ni suala la nadharia tu. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa makosa makubwa ya nidhamu, kwa mkono wa mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini ya maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Kutojua osmosisi si kosa la nidhamu, na wewe mwanachuo wa mazoezi si mkuu wa shule. Utakapoambiwa "hapa bila fimbo hawaelewi", angalau utakuwa na maswali matano ya kuuliza kwanza.