Waya Chini ya Kiti cha Nyuma

Aendaye Mikindani au Msimbati siku ya mpira, ama siku ya chanjo ya watoto, huenda akakutana na gari la matangazo, lenye vipaza sauti juu ya paa. Sauti husikika mbali. Njia ya umeme uiendeshao haionekani. Aghalabu imepita chini ya kiti cha nyuma.

Betri ya gari dogo kwa kawaida iko mbele, na amplifaya huwekwa kwenye buti. Kati yake pana mita 5 hivi. Katika magari mengi kikalio cha nyuma hushikwa kwa ndoano au bolti chache. Kikishainuliwa, waya hulazwa kando ya sakafu. Hiyo ni kazi ya dakika chache. Ugumu uko katika kuchagua waya.

Na tupige hesabu. Amplifaya itumiayo wati 240 kwa volti 12 huvuta mkondo wa ampea 20. Waya wa shaba wenye eneo la mkato la milimeta za mraba 1.5, urefu wa mita 10 kwa kwenda na kurudi, una ukinzani wa omu 0.115 hivi. Zidisha kwa 20: volti 2.3 zimepotea njiani. Sauti itakwaruza, na mwenye gari atailaumu amplifaya. Wakati huohuo wati 46 zinageuka joto chini ya zulia. Waya wa milimeta za mraba 10 ungepoteza volti 0.34 tu, na joto lisingefika wati 7.

Lakini joto hilo si hatari iliyo kubwa kupita zote. Niliwahi kuinua kiti cha gari moja la matangazo nikakuta springi imeutafuna mpira wa waya hadi shaba ikang'aa. Barabara za mchanga na mashimo zilikuwa zimefanya kazi yake. Shaba hiyo ikigusa bodi, betri humwaga mamia ya ampea kwa mara moja. Fyuzi ilikuwapo, ila ilifungwa kwenye buti, karibu na amplifaya! Mkondo wa shoti usingeipitia kabisa. Fyuzi haina budi kukaa jirani na betri, ili waya wote uwe nyuma yake. Tena, katika magari mengi tangi la petroli liko chini ya kiti hicho hicho. Asiyejua lilipo asitoboe sakafu. Na katika magari ya kisasa yenye mota ya umeme, nyaya za rangi ya machungwa zisiguswe.

Pwani ina adui mwingine, nayo ni chumvi. Mafundi wengi huurudisha mkondo kupitia bodi, na kutu ikiingia kwenye bolti ya kuungia, omu 0.1 tu hula volti 2. Wanafunzi waweza kulipima jambo hili: amplifaya ikiwa inaunguruma, wekeni voltimita kati ya ncha hasi ya betri na ncha hasi ya amplifaya. Mshale ukipita nusu volti, fungueni bolti, mpige msasa hadi chuma kiwe cheupe, kisha mpime tena.