Watumiaji Walipoihama WhatsApp

Januari 2021, WhatsApp iliwataka watumiaji wake wakubali masharti mapya ya faragha kabla ya tarehe 8 Februari, la sivyo wasingeweza kuendelea kuitumia. Masharti hayo yalihusu hasa mazungumzo kati ya wateja na biashara, na namna taarifa zinavyofika Facebook, iliyoinunua WhatsApp mwaka 2014. Ujumbe wa mtu na mwenzake ulibaki umefungwa kwa fumbo, usisomeke na kampuni. Hata hivyo, wengi walielewa kwamba siri zao zingeanikwa.

Watu wakaanza kuhamia programu nyingine za ujumbe. Telegram ilitangaza kupata watumiaji wapya milioni 25 ndani ya saa 72, ikavuka milioni 500 kwa jumla. Signal ilipokea wageni wengi mno hata mitambo yake ikazidiwa katikati ya Januari. Brian Acton, mmoja wa waasisi wa WhatsApp, ndiye aliyesaidia kuanzisha taasisi inayoiendesha Signal mwaka 2018.

WhatsApp ilisogeza tarehe hadi 15 Mei, kisha ikaeleza kwamba asiyekubali hatafungiwa akaunti.

Wengi waliohama hawakuifuta WhatsApp. Thamani ya mtandao wa mawasiliano ni watu waliomo: jamaa, wateja, makundi ya harusi na misiba. Anayeondoka peke yake huwaacha nyuma. Ndiyo maana kuhama huwa na nguvu watu wanapoondoka pamoja, na kampuni hulegeza msimamo inapouona umoja huo.