Miguu ya Nchi Kavu Juu ya Theluji

Alfajiri, kabla ya magari kujaa katika Barabara ya Jogoo mjini Nairobi, vijana wa Kaloleni, Makongeni na Jericho huonekana wakikimbia kandokando ya njia. Theluji hawaijui, ila ile ya kileleni mwa Mlima Kenya, ionekanayo kwa mbali mbingu zikiwa safi. Hata hivyo, mazoezi yao yana udugu na mazoezi ya watu wa nchi za baridi.

Huko Ufini na Norwei watu huteleza juu ya theluji kwa mbao mbili nyembamba zifungwazo miguuni, wakijisukuma kwa fimbo mbili. Lakini majira ya baridi yanapoanza, theluji huwa haba. Mawe na mizizi hutokeza na kuzikwaruza mbao. Mwenye busara hutumia mbao kuukuu, au huziacha nyumbani akakimbia kwa miguu katika njia za msituni, akipanda vilima, fimbo mkononi. Wengine huvaa mbao fupi zenye magurudumu wakateleza juu ya lami. Hivyo pumzi na nguvu hupatikana kabla theluji haijawa nene.

Mkenya Philip Boit, aliyezaliwa mwaka 1971, alikuwa mkimbiaji wa mbio za masafa ya kati. Mwaka 1996 alipelekwa Ufini kujifunza mchezo huo, naye hakuwa amepata kuona theluji. Pumzi alikuwa nayo tayari. Alichokosa ni ustadi wa kuteleza, ambao wenzake waliuanza utotoni.

Mwezi wa Februari 1998, huko Nagano, Japani, alikuwa Mkenya wa kwanza kushindana katika Olimpiki ya majira ya baridi. Katika mbio za kilometa 10 alimaliza wa 92, nyuma ya wote, dakika 20 baada ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei. Dæhlie hakuondoka; alimngoja mwishoni mwa njia akamkumbatia. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Wala hakukata tamaa: alirudi Olimpiki mwaka 2002 na 2006.

Basi kijana wa Eastlands asiyadharau mazoezi ya vumbini, kwani hata mabingwa wa theluji huanzia nchi kavu. Lakini mbio peke yake hazitoshi: kila kazi ina ufundi wake, na auanzaye ukubwani hana budi kukubali kuwa wa mwisho kwanza.