Mawimbi ya Cornwall na somo la kujijua

Msikilizaji, katika pwani ya kaskazini ya Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, upo mji uitwao Newquay ambako kila kiangazi watu wa umri wote hukodi mbao na mavazi ya mpira ili wafundishwe kusimama juu ya wimbi. Wengi wao ni watu wazima wenye kazi zao, waliozoea kusikilizwa wanapozungumza. Baada ya nusu saa majini wote huwa sawa: wamemeza maji ya chumvi, pua zinawachuruzika, na hakuna aliyesimama hata mara moja. Ni jambo gani basi linalowarejesha kesho yake?

Mchezo huu wa kuteleza juu ya mawimbi asili yake ni visiwa vya Bahari ya Pasifiki, na hasa Hawaii, ambako wenyeji huuita he'e nalu. Maafisa wa Kapteni James Cook waliueleza katika maandishi yao mwishoni mwa miaka ya 1770. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulienezwa ng'ambo na watu kama Duke Kahanamoku, Mhawaii aliyenyakua medali za dhahabu za kuogelea katika Olimpiki za 1912 na 1920. Mchezo wenyewe uliingizwa katika Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 2021, katika Michezo ya Tokyo iliyokuwa imeahirishwa kwa mwaka mmoja.

Ili kuelewa kwa nini ni mgumu, yafaa kwanza kulielewa wimbi. Upepo uvumao mbali baharini huyasukuma maji, na msukumo huo husafiri hata maelfu ya kilomita. Maji yenyewe hayasafiri umbali huo. Hupanda na kushuka kwa mzunguko, na kinachosonga mbele ni nguvu. Wimbi likifika penye kina kifupi, sehemu yake ya chini hupunguza mwendo ilhali kilele kinaendelea, hata likainama na kuvunjika kuwa povu. Anayeanza hupewa ubao mrefu na mpana wa sponji, akalala juu yake kifudifudi, akapiga maji kwa mikono, na povu linapomsukuma ainuke kwa mkupuo mmoja. Kwa maneno ni rahisi. Lakini vyaelea vimeundwa.

Jambo la kwanza ambalo mwanafunzi hugundua ni dogo, tena la kuchekesha: hajui mguu wake wa mbele ni upi. Kuna wanaosimama mguu wa kushoto ukiwa mbele na kuna wa kulia, na si lazima ufanane na mkono wa kuandikia. Walimu wengine humsukuma mwanafunzi kidogo mgongoni, ghafla, akiwa nchi kavu, wakatazama ni mguu gani anaoutanguliza kujizuia asianguke. Mtu wa miaka 45 huambiwa hapo habari ya mwili wake ambayo hakuwa nayo.

La pili ni macho. Karibu kila mwanafunzi, akishainuka, huitazama miguu yake ili ahakikishe kwamba kweli amesimama, na papo hapo huanguka. Kichwa kikiinama, uzito nao huinama. Mwalimu humtaka atazame ufukwe, ule anakokwenda. Nimewatazama wanafunzi hawa kwa siku kadhaa, na kwa maoni yangu hapa ndipo tabia za watu hujitokeza waziwazi kuliko popote. Yupo anayerudia kosa lile lile mara kumi kwa nguvu zaidi kila mara, akiamini kwamba misuli itamaliza kazi. Yupo anayekasirikia ubao. Yupo pia anayeketi pembeni kidogo, akayatazama mawimbi matano yakipita, kisha akalichagua la sita. Huyu wa mwisho mara nyingi si mwenye nguvu kuliko wenzake.

Halafu ipo hofu. Povu la wanaoanza humshika aliyeanguka kwa sekunde chache tu, katika maji yanayofika kiunoni, lakini mwenyewe ataapa kwamba alikaa chini dakika nzima. Hofu ina saa yake. Anayejifunza kulilegeza shingo na kukinga kichwa kwa mikono, badala ya kupapatika, hugundua kwamba saa hiyo hudanganya.

Hata hivyo, hofu nyingine ni ya haki, na hapa hapana mzaha. Maji yaliyoletwa na mawimbi lazima yarudi, nayo hupita katika mikondo myembamba yenye kasi inayoweza kumshinda hata muogeleaji wa Olimpiki. Cha kutisha ni kwamba penye mkondo mara nyingi mawimbi hayavunjiki, kwa hiyo panaonekana patulivu. Anayekwepa povu huenda akaifuata hatari yenyewe. Aliyechukuliwa asishindane na mkondo: aung'ang'anie ubao, ainue mkono, apige kelele, na asiye na ubao aogelee sambamba na ufukwe hadi atoke. Shirika la uokoaji la RNLI, ambalo walinzi wake wamekuwa kwenye fukwe za Uingereza tangu 2001, huweka bendera nyekundu na njano kwa waogeleaji, na zenye miraba myeusi na myeupe kwa wenye mbao.

Faida ya mafunzo haya kwa nafsi imeonekana pia na watu wa afya. Mwaka 2010, huko huko Cornwall, ulianza mradi wa The Wave Project, kwa fedha za huduma ya afya ya taifa, wa kuwasaidia vijana wenye wasiwasi na unyonge wa moyo kwa kuwafundisha mchezo huu.

Kwa msikilizaji aliyekulia Lamu, Pemba au Unguja, mengi hapa si mageni. Kule mwamba wa matumbawe huyavunja mawimbi mbali, lakini bamvua na maji mafu anayajua. Wakati wa bamvua maji ya Newquay hupanda na kushuka zaidi ya mita 6, hivyo saa ya darasa hupangwa na mwezi. Ama aliyekulia bara na asiyejua kuogelea, na aanzie bwawani.

Wala mwenye hamu asidanganywe na jua la Juni. Bahari ya Cornwall huwa na joto zaidi Agosti na Septemba, yapata nyuzi 16 au 17 za Selsiasi, na hata wakati huo vazi la mpira halivuliwi.